Kiti Kisicho na Chapa

Tusidanganyane: Swalik hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wivu tu. Lakini wivu ukimkuta mtu mwenye ufundi mkononi, unakuwa umepata na vifaa vya kufanyia kazi.

Karakana yake ilikuwa Bwera, pembeni mwa barabara inayoteremka kwenda mpakani, na huu ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili anasubu sufuria hapo. Aliyeyusha alumini kuukuu tanuruni, akaimimina kwenye kalibu za mchanga, na kilichotoka humo kilipikiwa maharage Uganda na Kongo. Akina mama wa Bwera, na wale wanaovuka kutoka Kasindi siku za soko, hawakuanza kwa kuuliza bei. Waliigeuza sufuria matako juu wakatafuta chapa. Chapa yenyewe ilikuwa jembe dogo na nukta. Babu yake alipiga jembe na nukta moja, baba yake, Mzee Abubaker, jembe na nukta mbili, na Swalik jembe na nukta tatu. Wakiliona jembe walifungua pochi, wasipoliona walirudisha sufuria chini na kuendelea na safari zao.

"Chapa ni kiapo," Mzee Abubaker alizoea kusema, Mungu amrehemu. Sufuria yenye kasoro haikupigwa chapa wala haikuuzwa. Ilirudi tanuruni siku hiyohiyo, hata kama mnunuzi alikuwa amesimama mlangoni anaomba apewe hivyohivyo.

Sasa mtu mwenye heshima yote hiyo alikuwa anakosa nini? Hakuwa anakosa kitu. Tatizo lilikuwa kwamba anamjua Benon.

Benon alikuwa mtoto wa wakulima wa Kitswamba, Mkristo, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, jambo ambalo lilimkera Swalik tangu ujana wao. Walijifunza pamoja kwa Mzee Abubaker miaka miwili. Sufuria za Benon zilivuja, tena zote. Mzee alizigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akatikisa kichwa, na Swalik akacheka hadi akashika mbavu. Mwisho Benon aliaga kwa adabu, akaenda Kasese mjini kushika spana. Na sasa, heri yake, alikuwa na gereji, na watu walimwita injinia. Hakuna aliyekumbuka kwamba injinia huyo alishindwa kutengeneza sufuria ya kuchemshia chai. Swalik ndiye aliyekumbuka, na alikumbuka kwa niaba ya wilaya nzima.

Jambo lenyewe lilianza na simu ya mkewe.

"Baba Naswiba, kuja uone huyu mutu," Shamira aliita kutoka barazani, anacheka.

Kwenye kioo cha simu alikuwa Benon, kasimama kando ya Toyota Mark II kuukuu yenye boneti wazi. Mikononi alishika dude la chuma lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Hiyo ni supachaja, alieleza, pampu ya hewa aliyoing'oa kwenye gari la Kijerumani lililopinduka mlimani. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, kidogokidogo. Hii inazungushwa na mkanda, inashindilia hewa ndani kwa nguvu, na injini ya mzee inaamka kijana. Vifaa vya kuifungia havikuwepo dukani, wala Kasese wala Kampala, kwa hiyo alikuwa akivitengeneza mwenyewe. Mabomba ya hewa aliyakata kwenye vyuma vya kitanda cha zamani. Puli aliichonga mwenyewe siku tatu.

"Kila kitu nafanya na mikono yangu," alisema Benon wa kwenye simu, na akatabasamu.

Watu elfu kumi na mbili walikuwa wameshaitazama video hiyo. Swalik aliisoma ile namba mara mbili. Elfu kumi na mbili! Yeye alikuwa amesubu sufuria ngapi tangu azaliwe, na nani aliwahi kusimama akamtazama?

"Huyu ndiye fundi," Shamira alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anavyosema leo jua kali. Lakini neno lile lilimwingia Swalik chini ya mbavu, likatafuta mahali pa kukaa, likapata.

Wiki haikuisha, Benon mwenyewe akaja Bwera. Alikuja na kitu kimefungwa kwenye gunia, akaamkia kila mtu, akauliza habari za Naswiba na shule, akamwombea Mzee Abubaker. Ndipo akafungua gunia. Ndani mlikuwa na kipande cha mbao alichokichonga kwa kisu: bapa upande mmoja, kimepinda upande wa pili, na masikio manne ya kupitishia bolti.

"Mukubwa," alisema, "supachaja inataka kiti. Kitu ya kuishika pembeni ya injini, isitikisike hata kidogo. Nimejaribu kuchomelea na bati nene, inapasuka. Inataka alumini ya kumimina, kipande kimoja. Na hiyo, unajua mwenyewe, mikono yangu ilikataa. Mufano ndiyo hii."

"Kasese yote hakuna mutu?" Swalik aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Watu beko wengi. Lakini mimi nataka ya kwako."

Mtu mwingine angefurahi. Swalik naye alifurahi, kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akawaza: nitatengeneza mimi, nitaungua mimi, halafu yeye atasimama mbele ya simu aseme kila kitu nafanya na mikono yangu. Na watu elfu kumi na mbili watasema huyu ndiye fundi. Alikipokea kile kipande cha mbao kwa mikono miwili, akashukuru kwa lugha ya kwao, "Wasingya, karibu tena."

Mashindano yalikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, kule Mubuku, kwenye barabara za vumbi zinazokatiza mashamba ya mpunga. Bwera nzima ilikuwa na habari. Hata mwuza mkaa, ambaye hajawahi kumiliki baiskeli, alimwuliza Swalik kama amesikia gari la Benon.

Siku ya kusubu, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Swalik alichagua chuma kwa uaminifu, hilo lisemwe. Hakutumia mabati laini wala sufuria mbovu. Alitumia pistoni za lori, alumini ngumu kuliko zote, na akaziyeyusha mpaka zikang'aa kama maziwa. Kilichobaki kilikuwa chumvi.

Hapa lazima nieleze, maana hadithi yote imelala juu ya chumvi. Alumini ikiyeyuka, uchafu unajificha ndani yake. Mafundi wa Bwera hutupia humo chumvi ya Kabatoro kiganja kimoja, uchafu ukapanda juu kama povu, wakauengua. Lakini chumvi ile ni ya ziwani, inapenda maji. Kabla ya kuitupia lazima uikaange kwenye kikaango, uikoroge mpaka iache kulia. Ikilia bado ina maji. Ukiitupia mbichi, mvuke unaingia ndani ya chuma na kubaki humo, na kipande kitatoka kizuri kwa nje, laini, cha kupendeza, lakini moyoni kimejaa vishimo kama andazi. Kitashika siku moja, kitashika siku mbili. Kikitikiswa sana kitapasuka. Mtoto yeyote wa karakana anajua hivyo.

Mfuko wa chumvi ulikuwa umenyeshewa. Kikaango kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wake, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama.

Swalik alikitazama kile kikaango. Alimwona Benon mbele ya simu. Alimwona Shamira akicheka. Aliona gari limezimika katikati ya barabara ya Mubuku, mkanda umetoka, boneti imefunguka, na injinia ameinamisha kichwa mbele ya watu, kama alivyoinamisha zamani mbele ya Mzee Abubaker na sufuria yake inayovuja. Ilikuwa picha tamu mno. Akachota kiganja cha chumvi mbichi, akatupia.

Chuma kilitema mate. Tone moja lilimrukia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akaruka nyuma akipuliza. Kisha akaengua, akamimina, akaondoka kwenda kuswali, na sala ile hakujua aliisali vipi.

Asubuhi yake alivunja kalibu. Kiti kilitoka kizuri ajabu. Alikipiga tupa, akakisugua, kikang'aa. Akachukua chapa na nyundo kwa mazoea, akaiweka chapa juu ya chuma, na mkono ukakataa. Alijaribu tena. Akajiambia chapa ni ya sufuria, hii ni kazi ya gari, na zaidi ya hapo kiti kikipasuka hakuna wa kumnyooshea kidole. Akairudisha chapa kwenye kopo lake. Kiti akampa Isa, mwenye pikapu ya vitunguu, akipeleke Kasese.

Siku zilizofuata alikuwa na raha ya ajabu. Raha ya mtu anayejua jambo wasilolijua wengine. Shamira aliposema Jumapili lazima waende Mubuku wote, alijibu, "Tutaenda, kwa nini tusiende," na akaimba kidogo alipokuwa akinawa mikono. Usiku tu ndipo kidonda cha mkononi kilipomwasha.

Alhamisi, saa nane mchana, gari lilisimama mbele ya karakana.

Ilikuwa ile Mark II, imepakwa rangi nyeupe upya, supachaja bado haijafungwa. Akashuka Benon. Akashuka mkewe Ronah, amebeba mfuko wa mchele wa shamba lao la kukodi kule Mubuku, na Shamira akampokea kwa vigelegele na kuingia nao ndani. Akashuka na mtu mwembamba mwenye makopo ya rangi, ambaye Benon alimtambulisha kuwa ni Drani, mwandika mabango. Na mkononi mwa Benon, kimefungwa kwa kitambaa safi kama mtoto mchanga, kilikuwa kile kiti.

"Kimeharibika?" Swalik aliuliza haraka, kabla hata ya salamu.

"Hapana! Kimekaa sawa kabisa. Nilitoboa matundu ya bolti, drili iliingia laini, kama kwa muhogo."

Swalik alijua maana yake. Alumini ya pistoni haitoboki kama muhogo.

"Sasa shida ni ndogo tu," Benon aliendelea. "Kuja uone mulango."

Alimpeleka upande wa dereva. Mlangoni, kwa rangi nyekundu iliyokwisha kukauka, paliandikwa: INJINI: BENON WA KASESE. Chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, lakini kwa chaki tu, zikisubiri rangi: CHUMA: SWALIK WA BWERA. Na mbele ya jina palikuwa na duara tupu la chaki.

Swalik alisoma. Akasoma tena. Hajawahi kuliona jina lake likiwa kubwa kiasi kile.

"Duara ni ya chapa," Drani alisema. "Bosi anataka niichore sawasawa. Nikageuza kiti, nikageuza, sikuiona."

"Jembe ninaijua," Benon alisema. "Sufuria ya Muzee Abubaker iko kwetu mupaka leo, Ronah hapiki wali kwa ingine. Ya Muzee ni nukta mbili. Ya kwako sikujua ni ngapi."

"Tatu," Swalik alisema.

"Tatu. Basi ulisahau kupiga, mukubwa. Nikaona niilete, upige mwenyewe. Nilitaka hata niikamate kwa simu, watu waone. Wananiuliza kila siku, hii ya kumimina ulifanya je? Nawaambia, ngojeni, iko mutu."

Majirani walishaanza kujaa. Mwuza mkaa alikuwa wa kwanza, bila shaka. Swalik alikishika kile kiti na kuhisi uzito wake, na kwa mara ya kwanza akauliza swali ambalo fundi mwenye roho safi angeliuliza siku ya kwanza.

"Hii ikiachia, inakuwaje?"

Benon alicheka kidogo. "Isiachie! Mukanda ni moja tu. Inazungusha supachaja, inazungusha maji, inasaidia usukani. Kiti ikivunjika kwa mbio, mukanda inakwenda, usukani inakuwa muzito palepale kama jiwe. Na ile barabara, mufereji wa maji iko huku na huku. Ndiyo maana nilisema sitafunga ya mutu nisiyemujua."

"Nani anaendesha?"

"Mimi. Ronah iko pembeni, ananisomea njia."

Kutoka ndani ya nyumba walisikia wake zao wakicheka juu ya jambo lao.

Swalik alichukua chapa kutoka kwenye kopo. Akachukua nyundo ndogo. Akakiweka kiti juu ya fuawe, upande bapa juu. Drani akasogea aone, Benon akanyanyua simu. Jina lililokuwa likisubiri pale mlangoni lilikuwa la kwake. Lingepakwa rangi jioni ile. Jumapili watu wote wa Kasese wangelisoma, na Jumapili hiyohiyo, kwenye kona yoyote ile, wangejua thamani yake.

Na kitu kingine kilimchoma zaidi ya hicho, na nitakisema kama kilivyokuwa. Alimchukia Benon zaidi dakika ile kuliko siku zote. Alimchukia kwa sababu ya ile chaki. Mtu unamwonea kijicho miaka ishirini, halafu anakuja kukuandika jina lako kwa herufi sawa na za kwake, hata hakupi nafasi ya kumwonea vizuri!

Alikigonga kiti kwa kifundo cha kidole, kama alivyokuwa akifanya Mzee. Alumini nzima huitika kwa sauti nyembamba, ndefu. Hii ilisema *tok*, ikanyamaza.

Benon alishusha simu. Sufuria zake zilivuja, kweli, lakini miaka miwili alikuwa amesimama pale akisikiliza mlio huohuo.

Swalik aliiweka chini chapa. Akaweka chini nyundo ndogo. Akainuka, akachukua nyundo kubwa ya kuvunjia vyuma chakavu, na kabla mtu hajafungua mdomo akakipiga kile kiti katikati. Pigo moja lilitosha. Kilikatika vipande viwili, kimoja kikabingirika hadi miguuni pa Benon.

Benon aliinama, akaokota, akageuza ule upande uliokatika kwenye mwanga. Vishimo vilikuwa vingi, vidogo na vikubwa, mpaka karibu na ngozi. Alipitisha kidole juu yake. Kisha akaangalia kidonda kwenye mkono wa Swalik.

"Chumvi," alisema polepole. "Ilikuwa mbichi."

Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, ya kusikika na majirani:

"Mvua ilikuwa mingi wiki ile. Ulisahau kukaanga, mukubwa. Inatokea kwa kila mutu."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Benon mwenyewe alikuwa ameufungua na kuushikilia. Swalik alikuwa na kazi moja tu, kutikisa kichwa na kusema ndiyo, nilisahau, na mambo yangeishia hapo, chai ingeletwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku nyingine inafika mbali tu.

"Sikusahau," Swalik alisema.

Mwuza mkaa alikohoa. Ronah, aliyekuwa ametokeza mlangoni peke yake kuja kuchukua kitu garini, alisimama. Alimtazama mumewe, akakitazama kile kipande, akamtazama Swalik kwa muda mrefu, usoni, bila kufumba macho. Kisha akageuka, akarudi ndani.

Benon alikaa chini juu ya sufuria iliyopinduliwa. Alikaa hapo kitambo akikizungusha kile kipande mikononi. Swalik alingoja atukanwe. Angependa sana kutukanwa, maana tusi lingemsaidia.

"Kesho nafunga injini," Benon alisema mwisho. "Tengeneza ingine. Sasa hivi. Mimi naona."

Majirani walitawanyika wenyewe, mmojammoja. Drani alikwenda kukaa garini. Na wale wawili wakafanya kazi bila kusemezana, kama wagomvi waliofungiwa chumba kimoja. Swalik alichambua pistoni. Benon alishika gurudumu la baiskeli linaloendesha feni ya tanuru, mahali pake palepale pa zamani, akazungusha. Ulipofika wakati wa chumvi, hakungoja kuambiwa. Alikitoa kikaango msumarini, akakaanga, akakoroga, akainamisha sikio mpaka chumvi ikaacha kulia kabisa. Ndipo akampa Swalik.

Jua lilikuwa limeinama walipovunja kalibu. Swalik alikigonga kile kiti kipya. Kiliitika kwa sauti nyembamba, ndefu, ikaenda hadi barabarani.

"Nipige?" aliuliza, chapa mkononi. Alikuwa hajawahi kumwomba mtu ruhusa ya jambo hilo maishani mwake.

"Bila chapa sifungi," Benon alijibu.

Akapiga jembe, kisha nukta tatu. Benon alikifunga kwenye kitambaa chake safi, akamwita Ronah, akawasha gari. Hakusema wasingya. Herufi za chaki zilikuwa bado mlangoni walipoondoka.

Jumapili, Mubuku ilijaa. Watu walisimama juu ya kingo za mifereji, wengine hadi magotini kwenye mpunga wa wenyewe. Shamira alikuwa amevaa gauni jipya. Alikuwa hajui lolote. Ronah na majirani walikuwa wamenyamaza, na katika maajabu yote ya hadithi hii hilo ndilo kubwa.

Magari yaliachiwa moja moja. Ilipofika zamu ya ile Mark II, watu walisikia sauti kabla hawajaona kitu: mluzi wa juu, mkali, unaopanda kadiri gari linavyopanda mwendo. Ndiyo supachaja. Ilipita mbele yao vumbi likiwa limesimama nyuma yake kama ukuta, Ronah akinyoosha mkono kuonyesha kona, na kona ikapigwa vizuri, mfereji huku na mfereji huku. Watu walipiga kelele, "Benon! Injinia Benon!" Na mwanamume mmoja wa Bwera, aliyejua kwamba nusu ya mluzi ule imekalia alumini yake, alisimama katikati ya kelele hizo akishikwa na wivu uleule, mzima, wenye afya, kana kwamba haujajifunza kitu.

Walishika nafasi ya pili. Kwa gari lililofungwa vyuma vya kitanda, haikuwa aibu.

Mwishoni watu walilizunguka gari. Swalik hakutaka kwenda, Shamira akamvuta kwa mkono. Benon alikuwa amejaa vumbi hadi kwenye kope. Alimwona, akamwamkia kwa adabu yake ileile, na akasogea kando ili mlango uonekane. Maandishi mekundu yalikuwa palepale. Chini yake, chaki ilikuwa imefifia kwa vumbi lakini ilisomeka bado: CHUMA: SWALIK WA BWERA. Na duara tupu. Drani alikuwa amesimama karibu, brashi mkononi, kopo limefunguliwa.

"Nafasi iko," Benon alisema. Sauti yake haikuwa tamu, haikuwa chungu. "Kiti ilishika. Niandike?"

"Jina yako, Baba Naswiba!" Shamira alipiga kofi. "Angalia jina yako! Sema waandike!"

Simu nne au tano zilikuwa zimenyanyuliwa. Swalik alilitazama lile jina. Alilitaka. Lazima niseme ukweli, alilitaka kama mtu mwenye kiu. Kisha akanyoosha kiganja chake, akapitisha juu ya chaki, mara moja na mara ya pili, mpaka chini ya maandishi mekundu pakabaki peupe.

"Waache hivyo," alisema.

Njiani kurudi Bwera, Shamira alinuna. Walipofika alimfuata mpaka karakana, bado na gauni lake jipya.

"Kwa nini ulifuta? Mutu anakupa heshima, wewe unafuta na mukono?"

Swalik aliinama. Chini ya fuawe kulikuwa na kile kipande kilichokatika, nusu ya kiti cha kwanza, ambacho hakukirudisha tanuruni. Alikiweka juu ya fuawe. Akatoa chapa kwenye kopo.

"Hiyo si mubovu?" Shamira alishangaa. "Tangu lini mubovu inapigwa chapa?"

"Hii nayo ni kazi yangu," Swalik alisema, akapiga. Jembe. Nukta moja, mbili, tatu. Akakining'iniza kwa waya kwenye msumari mmoja na kikaango cha chumvi, vishimo vikitazama nje.

Shamira alikuwa mke wa msubu kwa miaka ishirini. Alivitazama vile vishimo. Akatazama kikaango. Akaushika mkono wa mumewe wa kulia, akaugeuza, akaona kovu jipya kwenye kifundo.

"Benon anajua?" aliuliza.

"Anajua."

"Alijua siku gani?"

"Alhamisi."

"Na Jumapili bado alikuwa amekuachia nafasi mulangoni?"

"Bado."

Shamira aliuachia mkono wake, akaingia ndani. Swalik alibaki amekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, palepale alipokaa mwenzake, na wivu ukamjia kwa mara nyingine. Safari hii haukuja na gari, wala mluzi, wala watu elfu kumi na mbili. Ulikuja na ile chaki, na moyo ulioiacha mlangoni hata baada ya Alhamisi. Miaka yote alikuwa amemwonea Benon wivu, na kumbe alikuwa amekosea cha kumwonea.